Karatasi safi na ufunguo wa pili

Maneno ya kamati mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka

 

Tumepewa kuzungumza juu ya watu wanaofanya kazi katika magesti na katika nyumba za kupangisha. Wengine wameshaanza kunong'ona: kwani hilo nalo ni neno la mkutano mzima? Ngojeni kidogo. Katika chama hiki kuna wamama wenye vyumba vitatu, vinne vya kupangisha, walivyojenga kwa matofali ya udongo na mabati baada ya kurudi. Kuna wanaoendesha gesti. Kuna vijana wetu wanaolinda malango usiku, na binti zetu wanaofagia vyumba na kubadilisha mashuka. Kisha kuna wapangaji: walimu, wauguzi, wajane, wanafunzi waliotoka Sebele na Kazimia kuja kusoma mjini. Mwenye nyumba ni wetu, mfanyakazi ni wetu, na anayelala ndani ni wetu. Shida ikitokea, pande zote tatu zinakuja kugonga mlango mmoja, wa kamati.

Safari hii jambo limeletwa na barua. Mmoja wa wanaotusaidia ameandika kwamba kabla ya kutoa mkopo wa kutengeneza vyumba, kila mfanyakazi wa gesti na wa nyumba za wanachama alete ile karatasi ya parke, kazie judisieri, inayoonyesha kama mtu alishawahi kuhukumiwa. Nia yake ni nzuri. Anataka mama aliyelala katika chumba kilichotengenezwa kwa pesa yake alale salama, na nani atakataa hilo? Kamati ilikaa mara tatu juu ya barua hiyo. Tumejibu kwamba karatasi ya parke tutaipokea kwa kila anayeweza kuipata, lakini hatutaifanya kuwa mlango wa kazi, na kwamba kuna vitu viwili vinavyolinda zaidi yake. Leo tunawaeleza tulifikaje hapo, ili asije mtu kusema kamati imekataa usalama.

Tuanze na jambo mnaloliona kila siku. Mgeni akifika gesti hapa mjini anapewa karatasi ajaze: jina, alikozaliwa, ametoka wapi, anakwenda wapi, namba ya kadi yake ya uchaguzi. Watu wa usalama wanapita kuzichukua. Sawa, ni kazi yao. Lakini yule kijana anayempeleka mgeni chumbani, ambaye mfukoni ana ufunguo wa chumba hicho na wa vyumba vingine kumi, nani amemwandika? Mara nyingi mwenye gesti anajua jina lake moja tu, na kwamba aliletwa na shemeji wa fulani. Mgeni wa usiku mmoja tunamjua kuliko anayeshika funguo mwaka mzima. Hapo mfadhili wetu ana haki kabisa.

Sasa hiyo karatasi. Kwa wale ambao hawajawahi kuiomba: unaitafuta parke. Kwetu maana yake ni kupanda gari kwenda Uvira, kupita Nundu, Mboko, Swima na Makobola, kwa barabara ambayo mvua ikiamua, gari linalala njiani na wewe ndani yake. Ukifika, unaweza kuambiwa anayepiga sahihi hayupo, rudi kesho. Kesho ni kulala Uvira na kula Uvira. Lipa karatasi, lipa picha, na kuna ile ambayo haina risiti, mnaijua. Kwa binti anayefagia vyumba, safari hiyo inameza mshahara kabla hajaupata. Mwenye gesti naye anasema, sitalipa mimi, kesho ataniacha aende kwa mwingine.

Hebu tuseme amelipa, amelala, amerudi nayo. Inasema nini? Inasema kwamba katika vitabu walivyofungua, jina lake halikuonekana. Basi. Mtu aliyefungwa Kalemie akaja kuomba kazi Baraka, daftari la Uvira litamjuaje? Na majina yetu mnayajua. Mtoto ana jina la babu, jina la ubatizo, na jina lile karani wa kambi aliloliandika alivyosikia. Kadi ya uchaguzi ina moja, cheti cha shule kina lingine. Wenzetu wa Kenya, kijana anayetafuta kazi anatoa alama za vidole, analipa shilingi 1,050, na Idara ya Upelelezi inatafuta vidole. Kidole hakibadilishi jina. Kwetu tunatafuta jina, na jina linavaliwa na kuvuliwa kama kofia.

Kuna wanaosema, basi twende na ile ya tabia njema inayotolewa hapa hapa na serikali ya mahali. Shefu atusamehe, tunasema mbele yake. Kijana ameteremka boti juzi, leo ana karatasi yenye muhuri kwamba mwenendo wake ni mzuri na haujawahi kulaumiwa. Nani aliuona huo mwenendo? Shefu mwenyewe ametikisa kichwa hapa, kwa hiyo tunakwenda mbele.

Lakini shida kubwa si barabara wala majina. Ili mtu aandikwe kwamba alihukumiwa, lazima pawepo hukumu, na ili pawepo hukumu, lazima korti iwafikie watu. Mnakumbuka mwaka 2011. Usiku wa mwaka mpya wanajeshi waliwatendea wamama wa Fizi mambo ambayo hatuna haja ya kuyarudia. Korti ya kijeshi ilisafiri, ikakaa hapa Baraka, wamama wakasimama mbele ya majaji wakasema, na tarehe 21 Februari luteni kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Haikupita hata miezi miwili tangu tendo. Wengi wenu mlikuwepo mkasikiliza. Ilionekana kwamba inawezekana, korti ikija. Ila korti ile ilikuja kwa msaada na kwa magari ya kusafiri, kisha ikaondoka.

Na siku ambazo korti haipo? Kunakuwa na mkeka. Familia mbili zinakaa, mbuzi anaongelewa, pesa inahesabiwa, msichana haulizwi, na jioni watu wanapeana mikono. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 imeweka adhabu ya miaka 5 hadi 20 kwa ubakaji, na imesema wazi kwamba kulipa faini hakuzimi mashtaka ya namna hiyo. Sheria inajulikana. Mkeka unaendelea. Na yule aliyelipa mbuzi, akienda Uvira kuomba karatasi, atapata iliyo safi kama shuka la Pasaka. Ndiyo maana tunasema karatasi safi katika eneo letu haisemi mtu ni salama. Inaweza kuwa inasema tu kwamba familia ya msichana ilikuwa maskini.

Tena kuna upande wa pili, na huu unatuuma sisi tuliorudi. Wengi hapa tulivuka ziwa mwaka 1996 au 1998. Wengine walikaa Lugufu mpaka ilipofungwa mwaka 2009, wengine walikaa Nyarugusu, na watoto wao wakazaliwa huko. Tangu Oktoba 2005 boti zilipoanza kuturudisha Baraka, swali limekuwa moja kwa kila anayetafuta kazi: "Kule Tanzania ulifanya nini?" Hakuna daftari la hapa linaloweza kujibu. Kijana aliyezaliwa kambini, kitabu cha parke ya Uvira hakijawahi kumsikia. Kwa mwenye nyumba mmoja, ukurasa mtupu ni usafi. Kwa mwingine, ukurasa mtupu ni kificho. Tumeshaona kijana ananyimwa kazi ya ulinzi kwa sababu karatasi yake haina kitu, jamani. Angekuwa na kitu angenyimwa pia.

Na hao wenye "kitu", tuangalie ni kitu gani. Kule kambini tulikuwa tumewekewa mpaka wa kilomita 4. Ukitoka nje yake bila kibali ni kosa, na watu walikamatwa na kufungwa kwa hilo. Baba aliyekwenda kulima shamba la mwanakijiji ili watoto wapate kitu cha kuongezea kwenye unga wa mgao, akakamatwa, akakaa gerezani, huyo naye ni mtu aliyehukumiwa. Tukisema "asiajiriwe yeyote aliyewahi kufungwa", tumemtoa baba huyu pamoja na mbakaji, na mlipa mbuzi tumemwacha ndani. Mfadhili wetu hakuwa na nia hiyo. Lakini sheria ikiandikwa kwa neno moja, inakata kama panga, haichagui.

Ndugu zetu waliochukuliwa kutoka Nyarugusu kwenda kukaa Marekani ndio waliotusaidia kufikiri zaidi. Tuliwaambia habari ya barua, nao wakasema, huku kwetu mambo hayo ni sheria, tunakaa katika majumba ya kupanga na wenye majumba wanalazimishwa. Tukawauliza yalianzaje.

Katika jimbo la Minnesota mwaka 1994 mwanamke aliyeitwa Kari Koskinen aliuawa na mtu aliyewekwa kutunza jengo alimopanga, mtu aliyekuwa na historia ya makosa. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria yenye jina lake. Jambo lililotufurahisha katika sheria hiyo ni namna inavyomtaja anayepaswa kuchunguzwa. Haitazami cheo. Inamtazama yule ambaye kazi yake inampa njia ya kuingia katika chumba cha mpangaji. Kwa lugha yetu: mwenye ufunguo. Na haiweki makosa yote katika gunia moja. Kuna makosa kama kuua na kubaka yanayomzuia mtu kabisa, na kuna mengine ambayo miaka 10 ikipita tangu amalize adhabu, anaweza kupokelewa. Mkulima wetu wa nje ya kilomita 4 hayumo popote.

Cha pili kilitokea Florida. Septemba 2021, msichana wa miaka 19, Miya Marcano, mwanafunzi aliyekuwa pia akifanya kazi katika ofisi ya majengo alimokaa, alipotea, na baada ya siku chache akakutwa ameuawa. Polisi walisema fundi wa matengenezo wa majengo hayo, aliyekuwa akimtongoza naye akikataa, ndiye aliyefanya hivyo, na kwamba ufunguo wake wa kazi, ule unaofungua milango yote, ulitumika kuingia chumbani mwa msichana siku ile. Fundi mwenyewe alijiua. Mwaka 2022 jimbo likapitisha sheria ya Miya: kila mfanyakazi wa nyumba za kupanga achunguzwe historia yake ya makosa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kampuni iliyoendesha majengo hayo ilisema ilikuwa imemchunguza fundi huyo kabla ya kumwajiri, na haikuona kitu. Yaani katika nchi yenye kompyuta, vidole na barabara ya lami mpaka parke, karatasi ya mtu yule ilikuwa safi. Kwa sababu hiyo sheria ile haikuishia kwenye karatasi. Iliweka pia kwamba majengo yawe na daftari la funguo, kila ufunguo uonekane umetoka kwa nani na umerudi lini, na kwamba mwenye nyumba akitaka kuingia kufanya matengenezo ampe mpangaji taarifa ya saa 24, si saa 12 kama zamani. Kama kuchunguza historia kulishindwa huko, hatuoni kwa nini kutegemewe peke yake hapa.

Kwa hiyo tulimjibu mfadhili hivi: kwanza, tuulizane sisi kwa sisi, pili, tushike funguo. Tueleze kila moja, maana ndani yake kuna miiba.

Kuulizana. Ugonjwa wa magesti yetu una jina: kufukuza kimya kimya. Mnajua inavyokwenda. Mfanyakazi wa gesti moja, hatuitaji, alifungua mlango wa muuguzi aliyekuja kwenye mafunzo, usiku, kwa ufunguo wa pili. Yule mama alipiga kelele, watu wakaamka. Asubuhi mwenye gesti alimwomba mgeni radhi, akamrudishia pesa ya chumba, akamlipa kijana siku zake, akamwambia asimwone tena. Hakuna aliyekwenda polisi, maana jina la gesti litachafuka na wageni watakimbia. Wiki mbili baadaye kijana yule alikuwa anapokea mizigo ya wageni katika gesti nyingine, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mwenye gesti ya pili hakumwuliza wa kwanza. Wa kwanza hakusema. Karatasi ya parke isingesema pia.

Mashirika ya misaada yenyewe yamepitia hayo. Mtu anafukuzwa shirika hili kwa kuwatendea vibaya wanawake, mwezi ujao yuko shirika lile na gari jipya. Mwaka 2019 mashirika kadhaa yakaanzisha mpango wa kuulizana: kabla ya kuajiri, shirika linawaandikia waliomwajiri mtu huyo katika miaka 5 iliyopita na kuuliza kama alikutwa na hatia ya unyanyasaji wa kingono. Miaka miwili baadaye, tarehe 28 Septemba 2021, ikatoka ile ripoti juu ya waliokuja kupambana na Ebola kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, yenye watuhumiwa 83, na 21 kati yao waliajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Hatusemi hivyo kumwaibisha mfadhili yeyote. Tunasema kwamba kuulizana si jambo la watu wa kijijini wasio na karatasi. Wenye karatasi nyingi nao wamegundua kwamba karatasi haitoshi.

Basi kamati imeandika barua moja fupi ya kuuliza. Anayeajiri mtu wa kushika funguo anaituma kwa wawili waliomwajiri mwisho. Ina maswali matatu tu. Alikufanyia kazi kutoka lini mpaka lini? Kwa nini aliondoka? Je, aliingia chumba cha mgeni au mpangaji bila ruhusa, au kumwibia, au kumshika mtu kwa nguvu, na kama ndiyo, nani aliona na siku gani? Kwa aliyekuwa Tanzania tunakubali mwalimu wa shule ya kambini, mchungaji au padri wa huko, kiongozi wa mtaa wa kambi. Wengi wao tumerudi nao, wako hapa hapa ukumbini. Karani wa Uvira hajui ulivyokuwa Nyarugusu. Lakini yupo mama aliyekaa jirani yako miaka minane mkigawana bomba moja la maji, na huyo anajua.

Sasa miiba. Katika kikao kidogo mzee mmoja alituuliza: "Na mwajiri ambaye hakunilipa miezi mitatu, nikaondoka nikimdai, ataandika nini juu yangu?" Swali zuri, na lilitushika usiku mzima. Ndiyo maana swali la tatu linataka tendo, siku na shahidi. "Anasemekana" haipokelewi. "Familia yao wako hivyo" haipokelewi. Kabila halitajwi kabisa. Mwenye kulitaja, barua yake inarudishwa, tumevuka maji mara mbili kwa sababu ya mambo hayo. Na mfanyakazi ana haki ya kusomewa kilichoandikwa juu yake na kujibu mbele ya wawili wa kamati, mmoja wao awe mama. Katiba yetu, ibara ya 17, inasema aliyeshtakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Barua yetu si hukumu. Inamsaidia mwenye gesti kuamua kama atampa mtu huyu ufunguo, au atampa kazi nyingine isiyo na ufunguo: jikoni, bustani, kuteka maji. Kazi zipo.

Kuna kijana wa kamati, mwenye akili nzuri ya simu, aliyependekeza tuweke majina ya wabaya katika kundi la WhatsApp ili kila mwenye nyumba aone. Tumekataa, na tunaomba mtu asiifanye kwa siri. Mnajua kinachotokea hapa jina la mtu likishatembea. Leo ni mwizi, kesho ni mchawi, keshokutwa ni mawe na tairi. Tena sheria ya adhabu inamshika anayemsingizia mwenzake jambo la kumwondolea heshima. Barua zitakaa katika sanduku lenye kufuli, kwa mwandishi wa chama, na anayeuliza anasomewa ya mtu anayemwajiri, si za wengine.

Na jambo moja halipiti kwenye barua wala kwenye sanduku letu. Mtu akishikwa kwa nguvu, au mtoto akiguswa, hilo si la kamati kusuluhisha. Ni hospitali siku hiyo hiyo, ndani ya saa 72 dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi bado zinafaa, kisha ni polisi na parke. Mwenye gesti atakayeleta mbuzi hapa, tutamrudisha na mbuzi wake. Chama kitalipa boda ya mama kwenda hospitali. Hiyo pesa tayari imetengwa, mweka hazina yuko hapa mnaweza kumwuliza.

Sasa funguo, na hapa hatuna miiba, tuna uvivu tu. Kadenasi ile tunayonunua sokoni inakuja na funguo tatu. Mpangaji anapewa moja. Mbili ziko wapi? Moja kwa mwenye nyumba, labda juu ya kabati. Nyingine kwa mpangaji aliyehama mwaka jana. Kulikuwa na mjane mmoja, mpangaji katika parseli ya mwanachama, alirudi kutoka sokoni akakuta vitenge vyake na sufuria zimekwenda, mlango umefungwa vizuri, hakuna kilichovunjwa. Macho yote yakamgeukia sentineli, kwa sababu alikuwa amerudi kutoka Tanzania miezi miwili tu. Walishaanza kumfunga kamba. Kamati ilipofika iliuliza swali moja: kadenasi hii ni ya lini? Ilikuwa imewalinda wapangaji watatu waliotangulia. Funguo tatu, wapangaji watatu, na mnyonge mmoja amefungwa kamba. Sufuria zilionekana baadaye kwa mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi pale. Sentineli yule yuko bado kazini, ila mkono mmoja haujapona sawasawa.

Kwa hiyo: mpangaji akihama, kadenasi inabadilishwa, na bei yake inatoka katika garanti kwa makubaliano yanayoandikwa siku ya kuingia. Vyumba vyenye kitasa, fundi abadilishe moyo wa kitasa, si mlango mzima. Kwenye gesti, funguo za pili zote zikae mahali pamoja chini ya mtu mmoja, na daftari: nani amechukua, saa ngapi, kwa kazi gani, amerudisha saa ngapi. Asiyejua kuandika aweke kidole. Usiku funguo hizo zinafungiwa. Kila chumba kiwe na komeo la ndani, ambalo hakuna ufunguo wa nje unaolifungua. Komeo la ndani, wamama, ndilo mlinzi ambaye hatakunywa lutuku. Na kwa wenye nyumba: ukitaka kuingia kutazama paa linalovuja, mwambie mpangaji leo kwamba utaingia kesho, awepo. Ni nyumba yako, ndiyo. Lakini kile ni chumba cha kulala cha mama wa watu.

Kwa wafadhili, ombi letu ni hili. Pesa ambayo ingewapeleka wafanyakazi Uvira kwa zamu, tuanze nayo kununua makomeo, kadenasi na madaftari, na itakayobaki isaidie wale wachache wanaoshika funguo zote za gesti waende wakaombe karatasi ya parke. Kwa hao wachache tunaona inafaa. Siku korti itakapokuwa inawafikia watu, na vitabu vikawa vinasomana kati ya Uvira, Kalemie na Bukavu, tutairudia barua yenu upya.

Barua za maswali matatu ziko mezani kwa mwandishi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Daftari la funguo linatolewa bure kwa kila mwanachama mwenye gesti, na kwa mwenye vyumba zaidi ya vitatu. Makomeo hamsini ya kwanza yatagawiwa Jumamosi baada ya soko, tukianza na vyumba vinavyokaliwa na wanawake peke yao. Wapangaji waje wenyewe kuandikisha, wasisubiri mwenye nyumba. Fundi atapita nyumba kwa nyumba, na hatashika ufunguo wa mtu yeyote: mpangaji atakuwepo mlangoni mpaka msumari wa mwisho.